Damu ya Bi Mdogo: Utelezi Ndani ya Mpira

Wiki iliyopita tuliachana kidole cha Mama Kinyaa kikiwa ndani ya mpira wa mashine ya maabara ya kuoshea seli za damu, na nimesikia, msomaji, kwamba ulininung'unikia kwa kukukatia utamu. Haya, leo kidole kinatoka. Ila kama uko mezani unakula, sogeza sahani pembeni kwanza, maana mimi neno sipunguzi.

Kidole kilitoka kimevaa utelezi.

Ulikuwa mzito, wa kijivu chenye wekundu kwa mbali, unavutika kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Na ukanuka. Harufu ya kitambaa cha kudekia kilichosahaulika kwenye ndoo, ikapanda mpaka nyuma ya macho. Mama Kinyaa hakupewa jina hilo bure. Huyu ni mwanamke anayeosha kijiko cha chai kabla ya kukoroga na baada ya kukoroga, na mlango wa choo anausukuma kwa kiwiko. Alifika kwenye sinki akatapika chai yote ya asubuhi.

Kwa wewe uliyekosa matoleo ya nyuma nitasema upesi upesi. Mama Kinyaa ndiye anayepima damu kabla mgonjwa hajaongezewa. Juu kwenye wodi ya wanawake amelazwa Bi Mdogo, kajifungua salama, mtoto mzima, lakini damu haikati. Na Bi Mdogo ni mke mwenzake. Ndiyo, umesikia sawasawa. Mume wao ni mmoja, dalali wa viwanja mwenye ulimi wa asali, na tangu alipomwoa huyo mdogo hajakanyaga kwa mkubwa hata kuomba maji ya kunywa.

Kwa hiyo Mama Kinyaa akichelewesha damu, unajua mwenyewe watu watasemaje. Na akiitoa ikiwa mbaya, Bi Mdogo anakufa na mtoto anabaki kunyonya kidole.

"Mkuu," akaita huku anajifuta mdomo. "Njoo uone hiki kitu."

Mkuu wa maabara alikuwa kwenye kiti chake anamenya yai la kuchemsha. Ndani ya maabara, msomaji, juu ya meza ileile yenye tyubu za damu za watu. Maganda aliyapanga kando ya tyubu bila wasiwasi. Nyuma ya mgongo wake wanamwita Haina Shida, kwa sababu hata paa likimwangukia atasema haina shida.

"Nini tena?" Haina Shida akauliza, yai shavuni.

"Mpira wa maji ya chumvi umeota utelezi. Mashine haioshi. Inazungusha tu."

"Utelezi kidogo. Kipimo cha mgonjwa wako si kimetoka salama?"

"Ndiyo maana naogopa."

Hapa inabidi nikueleze, na nitakueleza mara moja tu. Mwili ukishawahi kuingiwa na damu ya mtu mwingine, kwa kuongezewa au kwa mimba, unaweza kuiwekea kinyongo. Kinyongo hicho maabara wanakiita kingamwili. Siku damu ya namna ile ikirudi, kingamwili zinaivamia na kuipasua humohumo mishipani. Kwa hiyo kundi la damu kulingana hakutoshi. Lazima kinyongo kitafutwe.

Kinatafutwaje? Maji ya damu ya mgonjwa yanachanganywa na seli za kupimia, au za ile chupa atakayopewa, yanaachwa kwenye beseni la joto, halafu seli zinaoshwa kwa maji ya chumvi mpaka zitakate, ndipo inadondoshwa dawa. Kama kinyongo kipo, seli zinashikana vibonge. Lakini zikioshwa ovyo, mabaki yanaimeza ile dawa yote, na hakuna kitakachoshikana. Mpimaji anaandika "salama" na roho yake kwatu, kumbe kaandika kifo cha mtu.

Na kazi ya kuosha ilikuwa ya mashine hiyo yenye kamasi.

"Tungemuuliza shahidi," Mama Kinyaa akasema.

Haina Shida akacheka. "Shahidi yupi? Si tulimtupa?"

Kweli walimtupa. Shahidi ni kichupa kidogo cha seli zilizotengenezwa makusudi ili zishikane. Ukimaliza kipimo na kikakwambia salama, unaongeza tone la shahidi. Akishikana, maana yake dawa ilikuwa hai na kipimo ni halali. Asiposhikana, mwaga, osha upya, anza tena. Miezi michache nyuma shahidi akaanza kukataa. Tyubu baada ya tyubu, hashikani. Na badala ya kumsikiliza, Haina Shida akatangaza kwamba shahidi ameharibika, vichupa vyote vikatiwa kwenye pipa, na kuanzia siku hiyo kazi ikaenda bila yeye. Ikaenda haraka, tena. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu nani analalamika kazi ikipungua?

Mimi nikifikiria jambo hilo natamani kutema mate. Mtu anakwambia nyumba inaungua, wewe unamfukuza mtu.

Mama Kinyaa akafungua friji. Kwenye mzigo mpya wa dawa kulikuwa na kichupa cha shahidi kilichoingia chenyewe kwa mazoea ya mtumaji, hata kifuniko hakijavunjwa. Akakichukua, akadondosha tone kwenye tyubu ya Bi Mdogo iliyooshwa na mashine. Akazungusha. Akaitikisa polepole mbele ya taa.

Hakuna kilichoshikana. Seli zilielea kama vumbi kwenye maji.

"Si nilikwambia," Haina Shida akasema. "Mbovu huyo. Hata mpya ni mbovu."

"Subiri."

Akachukua damu ya kujaribia, ile isiyo na kinyongo chochote, akaipima upya. Safari hii akafungua chupa ya maji ya chumvi iliyokuwa na lakiri yake, akaosha kwa mkono. Akamwaga, akaongeza, akamwaga, akaongeza. Akatia dawa, halafu tone la shahidi kutoka kichupa kilekile.

Seli zikashikana bonge moja, jekundu, hata kipofu angelihisi.

"Haya, mkuu. Nani mgonjwa hapa? Shahidi au mashine?"

Haina Shida akameza yai.

"Haina shida," akasema. "Fundi tutamwita wiki ijayo. Kwa sasa toa damu, wodini wanapiga simu kila saa."

"Sitoi. Naosha upya kwa mkono. Chupa zote tatu za kundi lake nazipima moja moja."

"Utamaliza lini?"

"Nikimaliza."

Hapo ndipo dirisha la kupokelea sampuli lilipogongwa mpaka kioo kikalia. Kabla ya sura ilianza kuingia harufu ya manukato, na Mama Kinyaa hakuhitaji kugeuka. Ni mwanamume mmoja tu anayejimwagia manukato kiasi hicho akiwa na mgonjwa hospitalini.

"Nimeambiwa damu ipo," Dalali akasema. "Imepimwa, imeonekana salama, na wewe umeikalia."

"Kipimo kilikosewa. Narudia."

"Kilikosewa kwa mke wangu tu? Wagonjwa wote wa wiki nzima wamepewa damu hapa, hakikukosewa. Kimefika kwa yule unayemwonea wivu, kimekosewa."

Nesi wa wodi alikuwa nyuma yake na sanduku la baridi mkononi, anatazama sakafu. Watu waliokuwa kwenye benchi la kusubiri wakaacha mazungumzo yao. Maneno ya ukewenza yana wateja wake, hata hospitalini.

"Baba watoto," Mama Kinyaa akasema kwa sauti ya chini, "nikiwa na nia ya kumwua huyo binti, njia rahisi ni kukupa hiyo damu uende nayo."

"Sikiliza anavyoongea, jamani. Mnamsikia?" Dalali akawageukia watu wa benchi. "Nilijua una roho mbaya. Sikujua kama imeoza."

Neno hilo lilimwingia. Sitakudanganya kwamba halikumwingia. Alikaa na mwanamume huyu miaka, akamfulia soksi zake kwa pua iliyofungwa, na leo anaambiwa kaoza na mtu ambaye hata kumwangalia mtoto wake mchanga hajaenda, kwa sababu, Mama Kinyaa alimsikia akimwambia nesi, watoto wachanga wananuka maziwa. Akamtazama yale mashavu yaliyopakwa mafuta, na kichefuchefu kikamrudia kilekile cha mpira.

Akafunga dirisha. Akavaa glavu mpya.

Kazi ya kuosha kwa mkono haitaki hasira. Ukimwaga kwa pupa unamwaga na seli zenyewe. Akaziweka tyubu kwenye beseni la joto, akasubiri, na kusubiri huko kulimla nyama, maana juu ghorofani mtu alikuwa anamwagika. Nesi alikwisha kumwambia kwamba Bi Mdogo anashikiliwa na maji ya dripu, na maji hayana nguvu ya damu. Mama Kinyaa akawa anaongea na tyubu kwa kunong'ona, tulia, tulia, mpaka zikawa tayari. Akaosha. Akatia dawa. Akazungusha na kuinua ya kwanza kwenye taa.

Vibonge.

Ya pili, vibonge pia. Ile mashine ilisema salama, na Bi Mdogo mwili wake umejaa kinyongo kama kijiji chenye ugomvi wa mpaka. Chupa mbili kati ya tatu zingemwua. Ya tatu ilibaki laini, maji ya rangi ya waridi yasiyo na chembe, na alipoongeza shahidi, shahidi akashikana palepale. Kipimo halali. Chupa hiyo ni yake.

Mama Kinyaa akashusha pumzi. Akabandika plasta kwenye chupa ya tatu ili isichanganywe, akageuka kuzitenga zile mbili mbaya.

Kwenye rafu ilikuwepo moja.

"Mkuu. Chupa nyingine iko wapi?"

Haina Shida alikuwa anakusanya maganda ya yai kwenye kiganja. "Nimewapa."

"Umewapa?"

"Mume anapiga kelele, nesi anasema mgonjwa anaondoka. Wewe umeinamia beseni huko. Nikasema ya nini ugomvi na watu, kundi linalingana, kipimo cha kwanza kilikuwa salama. Nikawapa moja waanze nayo. Haina shida."

Kuna watu ukiwajibu unajipaka matope bure. Mama Kinyaa akaikumbatia chupa ya plasta kifuani akatoka mbio.

Alipanda ngazi na koti lake la maabara, jambo ambalo siku nyingine angemfokea mtu kwa kulifanya. Akampita mfagiaji, akakanyaga maji ya deki, akateleza, akashika ukuta, akaendelea. Wodini alimwona Dalali kwanza, amesimama mguuni pa kitanda na simu sikioni, anamweleza mtu habari za kiwanja cha kona. Halafu akaiona chupa. Ilikuwa imetundikwa juu, na damu inashuka kwenye mpira tone kwa tone.

Bi Mdogo alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta.

Mama Kinyaa akafika kwenye mpira, akasukuma kile kigurudumu cha kufungia mpaka mwisho. Tone likasimama.

"Wewe!" Dalali akamdaka mkono. "Nesi, mnamwona? Mbele ya macho yenu anamkatia damu."

"Mama, nini tena?" Nesi akauliza. Alikuwa amechoka, na usoni anaonekana hajui amwamini nani.

"Hii inampasua. Nimeipima kwa mkono. Chomoa na mpira wake wote, weka mpya, mpe hii yenye plasta."

"Asiguse kitu," Dalali akasema. "Damu tumepewa na mkuu wa maabara mwenyewe. Huyu ana kisirani chake na mimi. Mke wangu akifa, huyu ndiye muuaji, na mashahidi ni nyinyi."

Nesi akasita. Mkono wake ulikuwa karibu na kile kigurudumu, na ungeweza kwenda upande wowote. Dalali alikuwa bado amemshika Mama Kinyaa kifundo cha mkono, anakibana.

"Mwachie."

Sauti ilitoka kitandani, ndogo, ya kukwaruza. Bi Mdogo alikuwa amefungua macho.

"Mgongo unaniwaka moto," akasema. "Tangu hiyo chupa ianze. Kifua kimebana. Nikamwambia baba mtoto."

"Ulimwambia?" Nesi akamgeukia Dalali.

"Alisema niache kudeka."

Dalali, mwenye mdomo unaoweza kumwuzia mtu kiwanja kilichopo katikati ya dimbwi, akaitazama simu yake. Mkono wake ukaachia. Nesi hakungoja lingine. Akachomoa, akatupa mpira wote, akaleta mpya, akatundika chupa ya plasta, na safari hii akakaa palepale na vidole kwenye mapigo ya mgonjwa.

Wanawake wawili wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza wako karibu kiasi hicho tangu ndoa ile.

"Dada," Bi Mdogo akanong'ona. "Ni kweli unanichukia?"

"Nakuchukia, ndiyo," Mama Kinyaa akasema. "Tutaongea hayo ukipona. Mgongo unasemaje?"

"Unapoa."

"Basi lala."

Kutetemeka kukapungua, kitanda kikaacha kugonga ukuta. Midomo ya Bi Mdogo, iliyokuwa nyeupe kama karatasi, ikaanza kuonyesha dalili za uhai. Mtoto alilia kwenye kitanda chake kidogo na hakuna aliyemnyamazisha, kwa sababu sauti hiyo ilikuwa tamu kwa kila mtu isipokuwa baba yake. Mama Kinyaa akainama akamtazama. Kweli alikuwa ananuka maziwa. Ajabu ni kwamba hakuona kinyaa.

Unaweza kushusha pumzi, msomaji. Ila usiishushe yote.

"Mwanangu," mtu akaita.

Kilikuwa kitanda cha jirani. Mama mtu mzima, aliyefanyiwa upasuaji wa kizazi, alikuwa amejiinua kwa kiwiko na ananyoosha mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa maabara? Nesi aliniambia damu niliyoongezewa ulipima wewe. Nikasema kabla sijatoka hapa lazima nimwone huyo binti nimshukuru."

Mama Kinyaa akaupokea ule mkono. Ulikuwa wa moto. Akamtazama yule mama usoni, akaona weupe wa macho haupo. Macho yote yalikuwa ya manjano.

"Homa tu inanisumbua," yule mama akasema, anatabasamu. "Na mkojo umebadilika. Nimeona haya kumwambia nesi, kijana yule, kazi zake nyingi."

Mama Kinyaa akapiga magoti. Chini ya kitanda ulining'inia mfuko wa mkojo. Akaushika kwa mikono mitupu, yeye ambaye hashiki hata kitasa cha mlango, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mweusi kama kahawa, rangi ya damu iliyopasukia mishipani.

Alibaki pale chini. Aliyeipima damu ya mama huyu ni yeye. Aliiosha kwa mashine ileile, bila shahidi, akaona hakuna kilichoshikana, akaandika salama, akaenda zake kunywa chai. Asubuhi yote alikuwa anamwonea kinyaa Haina Shida na mayai yake, na Dalali na manukato yake. Sasa kinyaa kilikuja kikamkalia yeye mwenyewe, na hakikuwa na sinki la kutapikia. Alifikiria wagonjwa wengine wote waliopewa damu tangu shahidi atupwe, waliorudi makwao kwa furaha na karatasi ya ruhusa.

"Mungu akuweke, mwanangu," yule mama akasema. "Watu kama wewe ni wachache."

Miguu ya nesi ikaja ikasimama kando yake. Mama Kinyaa akainua macho. Nesi alikuwa ameshika chupa nyingine ya damu, ya baridi, tayari na mpira wake.

"Hii ni ya mama huyu," nesi akasema. "Damu imeshuka tena, daktari kaagiza aongezewe. Imetoka maabara asubuhi hii, na sahihi ni yako." Akashusha sauti, lakini kila mtu alisikia. "Niambie, mama. Niitundike au nisiitundike? Na kama nisiitundike, nimwambie mgonjwa kwa nini?"

Yule mama alikuwa bado anatabasamu, mkono wake unasubiri. Mama Kinyaa akasimama, akafungua mdomo, na Dalali akasogea karibu asikie vizuri.